Vyumba Vitano vya Madame Odile

Karibu na Limoges, Ufaransa
11 Septemba 1994

Kaka Ngassa,

Mwadila. Huku majani ya miti yameanza kuwa mekundu na mimi nimeanza kuvaa soksi mbili mbili. Natumaini nyie mmemaliza kuvuna na mama yetu mayu hana tena kile kikohozi.

Habari kubwa ni moja. Tunauza nyumba. Madame Odile ana miaka sitini na tisa, magoti yanamsumbua, na tangu Bwana Henri mumewe afariki, shamba limekuwa kubwa mno kwake. Mwanawe Etienne amesema basi, liuzwe. Jana alikuja mtu wa ofisi ya kuuza nyumba, akapiga picha kila pembe, akagongomea ubao getini.

Kila ukiniuliza nyumba hii ikoje huwa nakujibu "kubwa tu". Leo nikueleze. Juu ya mlango wa mbele pamechongwa mwaka 1742 kwenye jiwe. Ukuta ni mnene kiasi kwamba ukikaa dirishani miguu yote inaenea humo. Kushoto kuna mnara uliojengewa njiwa. Njiwa hawapo tena, wapo popo. Mbele kuna bwawa la bata, nyuma kuna miti inayozaa kokwa zenye ganda la miiba, tunazichoma motoni wakati wa baridi. Na zizi la zamani la farasi, Madame na mumewe waliligeuza vyumba vitano vya wageni. Wakati wa joto watu wa Paris wanakuja kupumzika. Hao ndio wageni wangu ninaowasimamia, niliokuandikia.

Kuwaonyesha wanunuzi nyumba ni kazi yangu, maana Madame hawezi ngazi. Nimekariri maneno yote kwa Kifaransa: hapa sebule, hapa stoo ya mvinyo, hapa waliwahi kulala askari wa vita. Nikisema nanyoosha mkono hivi, kama mwalimu.

Msalimie mayu. Mwambie bado nakula ugali Jumapili, hata kama ni wa unga wa Wataliano.

Ndimi mdogo wako,
Monika


Ngulyati, S.L.P. Bariadi, Shinyanga
9 Oktoba 1994

Mdogo wangu Monika ng'wana Luhende,

Barua yako nimeichukua posta Bariadi nikaisomea palepale nje, nimesimama, baiskeli imeniegemea. Sikuamini macho yangu. Hukuandika "anauza". Umeandika "tunauza". Nilisoma mara tatu. Kisha nikampa Mahona naye asome, akasema, "Ngassa, hiyo 'tu' ni ya watu wawili na kuendelea. Dada yako yumo."

Uliondoka mpishi wa jikoni kwa masista wa Mwanza, leo unauza nyumba ya mawe. Baba angekuwepo angechinja.

Mahona unamkumbuka, yule wa Lalago niliyesoma naye. Siku hizi ni wakala wa kampuni ya watu binafsi, ananunua pamba. Mambo yamebadilika, Monika. Zamani ilikuwa ushirika peke yake, unapeleka, unasubiri. Mwaka huu mizani mbili zimewekwa, moja upande huu wa barabara na nyingine upande ule, na wenye nazo wanatuita wakulima kwa sauti tamu kama wanatuposa. Mjini Bariadi kila ukipita unakuta gesti mpya, mlango wa bluu, redio juu kabisa. Mahona anataka kujenga ya kuzishinda zote. Nilipomsimulia habari za vyumba vyako akasimama. Anaomba vipimo: urefu, upana, madirisha mangapi, kitanda kinakaa upande gani. Tuma haraka.

Mayu mzima. Nilipomsomea kwamba wageni wanalala kwenye zizi la farasi, alicheka mpaka akashika ukuta. "Wazungu wanalala zizini," akasema, "halafu asubuhi wanashukuru?" Aliniambia na jambo jingine nikuulize kuhusu Madame, nimelisahau.

Kaka yako,
Ngassa Luhende


Karibu na Limoges
13 Novemba 1994

Kaka Ngassa,

Vipimo hivi hapa, nimepima kwa hatua zangu: kila chumba hatua sita kwa tano, dirisha moja kubwa linalotazama bwawa, kitanda kichwa kwenye ukuta usio na dirisha ili mgeni asipigwe na upepo. Kila chumba rangi yake. Mezani unaweka ua moja, si rundo. Mwambie Mahona pia kwamba chumba kinataka harufu ya sabuni, si ya dawa ya mbu.

Kuhusu hiyo "tunauza", ndivyo tunavyosema huku tukifanya kazi pamoja. Usitangaze sana.

Sasa nikuchekeshe. Wamekuja wanunuzi mara tatu na wote wamekimbia. Wa kwanza, daktari wa meno na mkewe. Niliwazungusha vizuri, mke akaanza kuonyesha pale ataweka kabati lake. Tukashuka jikoni, Madame amekaa na kahawa yake. Akawauliza, "Monika amewaambia kuhusu paa?"

"Paa lina nini?"

"Linavuja vyumba vitatu," akasema Madame, uso mkavu.

Ngassa, paa hili halivuji hata tone.

Wa pili walikuwa Waingereza. Hao aliwaambia vyura wa bwawani wanapiga kelele tangu Machi hadi Agosti na kwamba marehemu mumewe alikuwa analala na pamba masikioni. Wa tatu alikuwa bwana mwenye gari refu aliyetaka kukata miti ya nyuma. Madame akamwambia babu yake kazikwa chini ya mmojawapo, ila hakumbuki upi.

Bwana yule alipoondoka nilimkabili. "Madame, unataka kuuza au hutaki?"

Akanijibu, "Nataka kuuza, Monika. Sitaki kuondoka."

Akiuza atakwenda kukaa karibu na Etienne, mpango umeshafanywa. Nami nitapata pa kushika. Msiwe na wasiwasi.

Monika


Ngulyati
18 Desemba 1994

Monika,

Naandika kwa haraka, nina kikao. Nimefanywa mwenyekiti wa kamati ya Noeli hapa kigangoni, bila kupingwa. Pia wananiita kusuluhisha kesi za mipaka. Juzi nilipita sokoni Bariadi, mtu nisiyemjua akanipokea baiskeli akaiegemeza yeye mwenyewe.

Mahona amepata kiwanja karibu na stendi ya mabasi. Vipimo vyako amevibandika ukutani. Tumekubaliana itakuwa gesti yetu sote, yeye na wewe, na mimi nitakuwa nasimamia mpaka utakapofika. Nyumba ikishauzwa tu, andika. Usiogope kusema kiasi, barua zangu hazifunguliwi na mtu.

Mwambie Madame aache mambo ya vyura. Anatuchelewesha.

Mayu mzima, anakusalimu.

Ngassa Luhende
Mwenyekiti


Ngulyati
22 Januari 1995

Kwa Monika Luhende,

Anayeandika ni Kasmiri, katekista, lakini maneno ni ya mama yako Nyanjige. Ameniapisha nisiongeze wala nisipunguze, na nikimaliza atataka nimsomee.

Ng'wanawane, mwangaluka. Nimemwendea Kasmiri kwa sababu kalamu ya kaka yako haiandiki ninayosema. Mara tatu nimemwambia akuulize: Odile akiuza nyumba atalala wapi? Mara tatu ameniambia ameshaandika. Sasa Kasmiri amenisomea barua zako zote, na zaidi ya "karibu na Etienne" sioni mahali ulipojibu. Kwa hiyo hakuandika.

Ngassa amewaambia watu nusu ya ile nyumba ni yako. Mahona ameshachimba msingi Bariadi. Mimi nakujua, nilikuzaa. Kama ungekuwa na nyumba ya mawe ungeniambia mimi kwanza, tena ungeniambia kwa kunong'ona. Sema ukweli, sitakasirika. Kwa Ngassa nitakasirika kidogo.

Lakini hilo ni dogo. Nataka nikuambie kitu ambacho Odile na mimi hatukukisema, kwa sababu mumewe hakutaka kwao wajue.

Mwaka ule wa mafuriko wewe ulikuwa unanyonya, hujaanza kutambaa. Odile na mumewe walikuwa wanakaa nyumba ya wataalamu wa pamba, nami nilikuwa nampelekea maziwa. Uchungu ulimshika kabla ya siku zake. Wakapanda Landrova kwenda hospitali Mwanza, wakafika mtoni, mto umejaa, gari likazama matairi. Mume akaja mbio kwangu miguu peku, hajui hata aseme nini. Nilimzalisha Odile nyumbani kwangu, kwenye ngozi ya ng'ombe, mchana wa saa nane. Mtoto wa kiume, analia vizuri. Lakini maziwa ya Odile hayakutoka. Siku nne. Basi nikamweka yule mtoto kulia na wewe kushoto, mkanyonya pamoja. Ulikuwa unampiga teke.

Huyo ndiye Etienne. Kwetu sisi huyo ni ndugu yako.

Sasa nauliza tena kwa kalamu ya Kasmiri. Odile atalala wapi? Kama ni kwa mwanawe na amefurahi, vizuri. Kama hakufurahi, mlete. Mimi ninayo nyumba, ina chumba. Hakuna bwawa. Vyura tunao.

Amesema hayo,
Nyanjige
Ameandika: Kasmiri


Karibu na Limoges
19 Februari 1995

Mayu wangu,

Ndugu Kasmiri, wabeja, asante sana kwa mkono wako. Msomee mayu polepole.

Mayu, ukweli ni huu. Mimi ni mpishi. Natandika vitanda, nafua mashuka, napika jamu, na wageni wakija nawapokea mizigo. Nilimwandikia Ngassa "ninasimamia" kwa sababu miaka mitano ni mingi, na nilitaka iwe imezaa jina fulani. Aliponiita mwenye nyumba niliona aibu kumkatalia, halafu nikaona raha kidogo, halafu nikanyamaza. Kosa ni letu wawili, usimkasirikie peke yake.

Jingine nililoficha ni la Madame. Nilisema atakaa karibu na Etienne. Ni kweli ni karibu, lakini ni nyumba ya kutunzia wazee, ghorofa ya tatu, chumba kimoja, dirisha linatazama magari yaliyoegeshwa. Etienne si mtu mbaya, mayu. Anafanya kazi Paris, anakaa kwenye vyumba viwili, na mama yake alishaanguka mara mbili kwenye ngazi. Alitafuta pazuri alipopaweza. Ndiyo maana Madame akawa anafukuza wanunuzi kwa paa na vyura.

Barua yako ilifika Alhamisi, sasa yapata majuma mawili na nusu. Niliisoma nikiwa nimesimama stoo, nikakaa juu ya kiroba cha viazi. Sikumwambia mtu. Jumapili yake Etienne akaja na fomu ya ile nyumba ya wazee ili mama yake aweke sahihi. Tulikuwa tumemaliza kula, mchana, jua kidogo dirishani. Madame ameshika kalamu, haandiki. Nikasema, "Kabla ya hiyo, kuna barua ya mama yangu."

Nikawasomea, neno kwa neno, Kiswahili kwanza ili Madame asikie sauti yako, kisha Kifaransa ili Etienne aelewe. Nilipofika kwenye mto, Madame aliweka kalamu chini. Nilipofika kulia na kushoto, sikuweza kuendelea, Madame akamalizia kisa hicho bila kutazama karatasi, kisha akaisoma barua mpaka mwisho.

Etienne akasema, "Mama, mimi si nilizaliwa hospitali ya Mwanza?"

"Tulikuwa tunakwenda huko," Madame akamjibu.

"Lakini?"

"Mto ulijaa."

Kisha akanigeukia. Mayu, huyu ni mtu ambaye kwa miaka mitano ananiambia "asante Monika" bila kuinua macho kwenye gazeti. Akanitazama kama mtu anayetafuta kitu usoni. "Na wewe ulikuwa unanipiga teke," akasema.

"Mama ndivyo anavyosema. Mimi sikumbuki."

Akaanza kucheka, machozi yanamtoka. Madame akacheka. Mimi nikalia kabisa. Siku ile Etienne alisimama akaosha vyombo vyote, akavunja sahani mbili.

Madame aliikunja ile fomu akaiweka chini ya sufuria ya moto. Akamwambia mwanawe, "Nyanjige ameniita."

Walibishana majuma mawili, usidhani ilikuwa rahisi. Etienne anataja malaria, anataja magoti, anataja daktari yuko mbali. Madame anamjibu kwamba alikaa miaka kumi na mbili huko na aliyekufa ni mumewe, tena alifia hapahapa Limoges. Mwishoni wamekubaliana hivi: Etienne atamsindikiza mwenyewe mwezi wa sita, akae majuma mawili aone, na mama yake akipenda atabaki, asipopenda watarudi wote. Daktari amempima, amempa begi zima la dawa.

Na nyumba imepata mnunuzi! Wametoka kijiji cha pili, mtu na mkewe, waoka mikate, wana watoto watatu. Watoto walipofika tu walivua viatu wakaenda bwawani. Nikamwona Madame anafungua mdomo, nikasema moyoni, haya, vyura. Akawaambia, "Paa ni zima kabisa. Na hao vyura wanaimba vizuri mkiwazoea." Wanataka kuendelea kupokea wageni. Wameniomba nibaki nao mpaka mwisho wa Agosti niwafundishe kazi. Baada ya hapo wamesema naweza kubaki nikitaka. Sijawajibu.

Mwanao,
Monika


Ngulyati
26 Machi 1995

Monika,

Sijui nianze wapi. Mayu aliniita, nikaingia, nikamkuta Kasmiri amekaa na barua yako. Akaisoma yote mbele yangu. Nilisimama pale kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani. Mayu hakupiga kelele. Alisema tu, "Swali langu ulilipeleka wapi, Ngassa?"

Nilikuwa nalo. Sikulisahau, nilikudanganya. Niliona ukianza kufikiria Madame atalala wapi hutafikiria tena kuuza. Nisamehe. Mtu akishapokewa baiskeli mara moja anataka apokewe kila siku.

Mayu akanituma kwa Mahona nikaseme mwenyewe, tena kwa miguu, na Kasmiri akinifuata awe shahidi. Mvua ilininyeshea njia nzima. Nikafika nikamwambia yote: dada yangu ni mpishi, hana nyumba, mwongo ni mimi. Mahona alinitazama tope la miguuni. Kisha akacheka mpaka akakohoa. "Msingi nimeshachimba," akasema, "udongo hauwezi kurudi shimoni." Atajenga hivyohivyo, vyumba vitano badala ya ishirini na nne alivyokuwa amepanga, kwa vile vipimo vyako.

Halafu akasema jambo, nakuandikia kama alivyosema, siongezi hata herufi, Kasmiri ni shahidi: "Gesti za Bariadi sasa ni kumi na moja, na hakuna hata moja ambayo asubuhi mgeni anaulizwa amelalaje. Huyo dada yako anayejua kwamba ua ni moja, si rundo, ndiye ninayemtaka. Hata kama angekuwa na nyumba Ufaransa ningemtaka kwa hilo." Anauliza kama utakubali kuja kumfanyia kazi. Mimi sitakushawishi. Nimeacha kazi hiyo.

Uenyekiti wa kamati nimeurudisha. Wamekataa, wanasema Noeli ilikwenda vizuri.

Sasa hivi natengeneza chumba cha Madame. Mlango nimeupanua ili apite na fimbo yake. Nimechimba choo kipya karibu na nyumba, nimeweka na mahali pa kushika. Kuta nimepaka chokaa. Mayu anasema nimepaka mpaka kuku. Kila asubuhi anakuja anasimama mlangoni anakagua, anasema Odile hapendi hiki, Odile anapenda kile. Miaka ishirini na tisa hawajaonana na anajua yote. Ameanika michembe ya viazi vitamu gunia zima, maana anasema Odile alikuwa anaitafuna njiani kama mtoto wa shule.

Sijamwona hivi tangu baba afariki. Anaimba akichota maji, Monika.

Kaka yako,
Ngassa


Ngulyati
9 Julai 1995

Mpendwa Monika,

Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu Nyanjige amekaa hapa pembeni anachambua pamba, na kila sentensi nikimaliza ananitaka niisome kwa sauti. Kiswahili changu ni cha zamani, utanisamehe.

Tulifika salama. Bwana Mahona alitufuata Mwanza na pikapu yake. Etienne alikataa kukaa mbele, alipanda nyuma juu ya magunia, na tulipofika Bariadi alikuwa mwekundu wa vumbi mpaka kope. Watoto walimkimbilia wakifikiri ni aina nyingine ya mzungu.

Nyanjige alikuwa amesimama barabarani tangu asubuhi. Ngassa anasema walimletea kiti akakataa, walimletea mwavuli akakataa. Nikashuka. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, Monika, nimeyapanga tangu kwenye ndege. Yote yalipotea. Nikasema, "Mwadila, mayu." Alinitazama kutoka viatu mpaka nywele. Akasema, "Umechelewa." Kisha akanikumbatia, na fimbo yangu ikaanguka, na hakuna aliyeiokota kwa muda mrefu.

Halafu akamwita Etienne. Alimwinamisha, akamshika kichwa kwa mikono yote miwili, akakigeuza huku na huku. Unajua mwanangu hana nywele. Akamwambia, "Nilikuacha na nywele. Umezipeleka wapi?" Nikamtafsiria. Watu wote pale barabarani walicheka, na Etienne alicheka kuliko wote. Hata sasa wanamwita Mzungu Aliyepoteza Nywele. Alipangiwa majuma mawili, akakaa matatu. Ameondoka jana. Nyanjige amemfungia kuku hai kwenye kikapu, na imebidi Ngassa amweleze kwamba ndege haipokei kuku. Alikubali, lakini bado ananuna.

Hapa Nyanjige anasema: andika kwamba sinuni. Nimeandika.

Sasa niseme kitu kigumu, nikiwa bado na ujasiri. Nilipokuja kukuchukua jikoni kwa masista Mwanza, bila kufika kwa mama yako, nilijua wewe ni nani. Ni wewe niliyekuwa nakutafuta, si mpishi. Niliwaza nitakuambia tukifika nyumbani, kisha nikawaza nitakuambia Noeli, kisha ukawa umeshazoea kuniita Madame na mimi nimeshazoea kuletewa kahawa. Niliogopa ukijua utaona nimekuonea, nimemgeuza dada wa mwanangu mtumishi. Na ni kweli, ndivyo nilivyofanya. Miaka mitano nilikuwa nakusikia unashuka ngazi asubuhi, nasema moyoni leo, na sisemi. Mama yako amenisomesha somo refu juu ya hilo, siku ya pili tu, tukiwa tunamenya viazi. Alimaliza kwa kusema, "Sasa muombe radhi, halafu tupike." Nakuomba radhi, Monika. Na usiniite Madame tena. Nyanjige anasema uniite mayu mdogo, kwa sababu mkubwa ni yeye.

Mimi sirudi. Nimemwambia Etienne, naye alishajua. Magoti bado yanauma, lakini hapa hakuna ngazi. Asubuhi tunakaa nje, akina mama wanapita kwenda kuchuma pamba, kila mmoja anasimama kusalimia, na salamu za huku unazijua, zinafika mpaka ng'ombe na wajukuu. Ikifika saa nne nimeongea na watu wengi kuliko mwaka mzima kule. Kigangoni nimewekwa benchi la mbele, Kisukuma changu kinarudi kidogo kidogo, na wanapocheka najua nimekosea mahali.

Bwana Mahona alinipeleka kuona jengo lake. Kuta zimefika kwenye madirisha. Aliniuliza kwa heshima kama mtu wa Ufaransa anaweza kufurahi kulala pale. Nilimwambia mtu wa Lalago akifurahi inatosha. Hakuniuliza utakuja au hutakuja. Ngassa naye haulizi, anauma ulimi kila siku, mpaka namwonea huruma. Wamekubaliana wasikusukume. Waoka mikate wameniandikia kwamba wanakupenda na watoto wanakufuata kila mahali, na wana haki ya kutaka ubaki. Amua mwenyewe, kama mtu mzima aliyekwenda mbali na kuona.

Mimi na mama yako hatukukubaliana lolote na mtu. Sisi ni wazee, tunaruhusiwa kusukuma. Vitanda katika chumba changu ni viwili. Cha pili tumekitandika leo asubuhi, tukagombana juu ya shuka, akashinda yeye.

Nilitaka kukuandikia mengi kuhusu bustani, na kuhusu Ngassa ambaye nadhani ameanza kumzungukia binti wa Kasmiri, lakini Nyanjige amesimama. Anasema barua ndefu hivi itakufanya ukae huko uisome badala ya kuja.

Basi naacha hapa. Njoo.

Odile